Damu ya Gladys

Jumatatu, 12 Oktoba

Siku mbaya. Nimenyang'anywa kipaza sauti.

Miaka kumi na mmoja mimi ndiye ninayesimama kwenye hema la nyoka siku ya Maonyesho ya Kurlabee, mji wetu, na kuwaeleza watu habari za nyoka. Kumi na mmoja! Leo wakati wa chai Hettie Kleinig, mwenye shamba letu la nyoka, akasema mwaka huu atazungumza Neville Oram. Alisema hivyo huku anapaka jamu kwenye skoni, kana kwamba ni jambo dogo.

Nikauliza kosa langu. Akasema mwaka jana niliongea dakika arobaini na tano, nikawaambia watu kwamba nyoka husikia kwa mkia, na mama mmoja akaenda kushtaki kwamba wanawe wamepigwa na jua wakisubiri nimalize. Nikasema habari ya mkia nilikuwa nakisia tu. Hettie: "Clive ndugu yangu, watu wanakuja kuona nyoka. Hawaji kuona makisio yako."

Neville aliyasikia yote. Alikuwa anatafuna. Neville hutafuna kwa majivuno.

Niandike ukweli hapa, maana hakuna mwingine atakayeuandika. Neville ana leseni ya kushika nyoka wenye sumu. Mimi Clive Trezise sina. Mimi nalisha chatu, naosha mabanda, najaza maji. Mtihani wa leseni niliufanya mara tatu. Maswali yalitungwa vibaya mara zote tatu. Lakini ujuzi si karatasi.

Maonyesho ni Jumamosi ya tarehe 24. Nina siku kumi na mbili za kumwonyesha Hettie nani hasa anajua nyoka hapa.

Dulcie, mke wangu, kasema niachane na hayo nikakate nyasi.

Jumanne, 13 Oktoba

Mungu hamtupi mja wake!

Daktari Thuy Nghiem yuko hapa kutoka Adelaide. Si daktari wa watu. Anachunguza damu ya nyoka, mwaka wa sita huu, katika chumba kidogo nyuma ya friji za panya wa kulisha nyoka. Anachoma sindano kwenye mshipa chini ya mkia, anavuta damu kidogo, anaitia kwenye tyubu ya kioo. Kisha anakaa na saa yake, anaitazama. Basi. Hiyo ndiyo kazi.

Leo nilikuwa nafagia mlangoni pake. Nilifagia mahali pamoja saa nzima.

Ile damu haikuganda! Saa nzima! Anainamisha tyubu, damu inateleza huku na huku kama divai. Nikamuuliza kama imeharibika. Akacheka. Akasema damu yangu mimi ikigusa kioo inashtuka, inaganda dakika chache tu, ila ya nyoka haishtushwi na kioo. Halafu akasema "isipokuwa", akaendelea na maelezo marefu. Hapo Hettie akaanza kuniita nje kwa sauti, sikusikia vizuri.

Haidhuru. Kiini nimekipata. Damu ya nyoka haigandi.

Neville halijui hilo. Neville anajua kushika mikia tu. Kesho wakati wa chai, mbele ya Hettie, naweka dau. Mshindi achukue kipaza sauti.

Jumatano, 14 Oktoba

Sielewi.

Bruno, chatu wangu, kajichubua pua tena kwenye waya wa banda. Damu inachuruzika. Nikaona riziki hiyo imejileta yenyewe. Nikakinga kichupa cha kioo, safi kabisa, na kwa kuwa damu ilikuwa haba nikamkwangua pua kidogo kwa kijiko. Bruno alinitazama kama mtu aliyesalitiwa na ndugu. Nikaenda mbio chumba cha chai.

Nikatangaza: damu hii haitaganda mpaka chai iishe. Ikiganda, Neville azungumze kwenye Maonyesho. Isipoganda, nizungumze mimi. Neville akasema, "Haya mzee, mimi biskuti zangu ninazo, nakusubiri." Hettie akasema anakubali chochote, mradi damu iondolewe karibu na maziwa.

Nikaanza kueleza habari za kioo. Neville hata biskuti ya kwanza hajaimaliza. Akakichukua kichupa, akakipindua juu ya kofia yangu. Nikaruka! Lakini halikudondoka hata tone. Damu imekaa chini ya kichupa kama jeli ya Krismasi.

"Na hii inaitwaje kwenu?" Neville akauliza. "Maji?"

Hettie alicheka hadi chai ikampalia. Nikasema labda kichupa kilikuwa kichafu. Neville akasema kichafu si kichupa.

Alhamisi, 15 Oktoba

Nimekwenda kwa Daktari Nghiem kudai maelezo. Nikamweleza yote, isipokuwa dau na kijiko. Mwishowe nikamweleza na kijiko.

Akashika kichwa. Akasema nimeikwangua damu kwenye kidonda, kwa hiyo nimeichanganya na majimaji ya nyama. Kioo hakiiamshi damu ya nyoka. Nyama iliyochanika ndiyo inayoiamsha, tena papo kwa papo. Isingekuwa hivyo, akasema, nyoka akijikwaruza tu angeishiwa damu.

Basi ndiyo ile "isipokuwa"! Angeanza nayo.

Akanionyesha na jambo jingine. Vibakuli viwili vidogo. Kimoja kina donge la damu ya nyoka, kingine donge la damu yake mwenyewe. Donge likishakaa mwilini na kazi yake ikaisha, akasema, lazima mwili uliyeyushe, la sivyo mishipa itaziba. Akatia katika vibakuli vyote viwili ile dawa wanayopewa wagonjwa wa moyo hospitalini. Donge lake yeye likayeyuka kabla ya chakula cha mchana. La nyoka lilikuwa lipo pale pale jioni, limekaa kama mgeni asiyetaka kuaga. Sasa nyoka huyeyusha vipi la kwake? Hilo ndilo analotafuta miaka sita. Nikamwambia labda ni jua. Akanishukuru.

Nikauliza na habari ya sumu, kwa kuwa sasa tulikuwa wanasayansi wawili tunazungumza. Akasema sumu ya nyoka kahawia inagandisha damu. Nikasema kumbe mtu anakufa kwa kuganda. Akasema hapana, hatari kubwa ni kuvuja. Nikamwomba arudie. Akarudia: sumu inagandisha vidonge vidogo vidogo mwili mzima, vifaa vyote vya kugandishia vinaisha, halafu damu inabaki maji matupu.

Nimeandika mkononi: INAGANDISHA, KWA HIYO HAIGANDI. Dulcie kaona, kauliza ni ujumbe wa nani.

Lakini la maana nimelishika. Nilikosea upande. Damu ya nyoka inaganda papo kwa papo! Naweka dau la pili, kinyume cha lile la kwanza.

Ijumaa, 16 Oktoba

Neville kakubali haraka mno. Kaongeza na sharti: nikishindwa safari hii, siku ya Maonyesho nivae lile vazi la chura na kuwaita watoto langoni.

Nimekubali. Nani atashindwa?

Jumatatu, 19 Oktoba

Vidole vinauma. Nianze mwanzo.

Safari hii sikutaka damu ya pua. Nilitaka damu halisi, iliyotolewa na mtaalamu. Asubuhi Daktari Nghiem alimtoa damu Gladys.

Gladys ni nyoka kahawia, jike, mzee kuliko wote hapa. Alikuja miaka kumi na miwili iliyopita akiwa mwembamba kama kamba ya kiatu. Mimi namjazia maji kila asubuhi kwa kutumia mpira, kupitia kidirisha, na kila asubuhi namwamkia. Hajawahi kunijibu vibaya. Kwa uzee wake Daktari humtoa damu mara moja tu kwa msimu. Hii ya leo ameisubiri tangu Aprili.

Daktari alipokwenda posta, tyubu ilikuwa kwenye kishikio, imeandikwa GLADYS 19/10. Nikaiazima. Kuazima si kuiba. Dakika mbili tu.

Nikaweka dau: itaganda kabla birika halijachemka. Birika likachemka. Chai ikamiminwa. Ikanyweka. Hettie akaenda kuongeza skoni, akarudi. Neville akaanza kusafisha kucha.

"Labda bado inafikiria," akasema.

Nikaitikisa tyubu. Damu ikacheza ndani kama maji ya mto. Sielewi! Jumatano iliganda kabla biskuti moja haijaisha! Neville akataka kuishika aione vizuri. Nikakataa. Akavuta. Nikavuta. Tyubu ikachomoka mikononi mwetu na damu yote ya Gladys ikamwagika juu ya skoni.

Hettie akazitazama skoni. Akanitazama mimi. Akasema, "Chura," akainuka.

Hakuna aliyeuliza damu nimeitoa wapi. Walidhani ni Bruno tena. Nikabaki peke yangu na tyubu tupu yenye jina la Gladys.

Nilifanya lililobaki kufanyika. Nikaiosha kwa maji ya moto. Nikachukua sindano ya kushonea magunia. Vidole vitano nilivikamua kimoja kimoja mpaka tyubu ikapata damu nusu kijiko cha chai. Nikairudisha kwenye kishikio.

Damu ni damu. Nyekundu ni nyekundu.

Jumanne, 20 Oktoba

Ama kweli duniani kuna mambo.

Asubuhi Daktari Nghiem alitoka chumbani mwake mbio, nywele zimesimama, glavu moja mkononi. Damu ya Gladys imeganda! Kwenye kioo kitupu, bila nyama! Miaka sita, nyoka mia mbili, hajaona hata mmoja. Tangu jana mchana hajatulia, alidhani macho yake yanamdanganya. Halafu leo kalitia donge ile dawa ya hospitali. Likayeyuka lote! Kama la binadamu!

Akanishika mabega. "Clive, unaelewa maana yake?"

Nikasema naelewa. Sikuelewa hata chembe. Nilichoelewa ni kwamba anasifu damu yangu. Niseme kweli, niliona fahari. Miaka thelathini ya ndoa Dulcie hajasifu kiungo changu hata kimoja.

Akampigia simu profesa wake. Atakuja Ijumaa kujionea. Huenda Gladys ni nyoka wa peke yake duniani, akasema. Nikafungua mdomo nimwambie. Kweli nilifungua! Lakini hapo hapo akampigia mama yake, akaanza kuongea Kivietinamu huku analia machozi ya furaha. Nikafunga mdomo. Mtu hamkatizi mwenzake anapoongea na mama yake.

Jumatano, 21 Oktoba

Mambo yameharibika.

Profesa hatakubali tyubu moja. Kwa hiyo kesho Gladys atatolewa damu tena. Hettie amekataa: Gladys mzee, hajala wiki mbili, katolewa juzi tu, mara ya pili inaweza kumuua. Daktari Nghiem mwenyewe uso ulimshuka. Akasema anajua, atachukua kidogo sana, lakini kama jambo hili ni kweli huenda likaokoa watu wengi. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Hettie akasema haya, saa tatu asubuhi, Neville amshike kwa upole.

Nikasema, na sauti yangu ikatoka nyembamba kama ya mbuzi, labda kulikuwa na makosa mahali. Wote wakanigeukia.

"Sasa wewe ndiye profesa?" Neville akauliza.

Nikaenda chooni kufanya mazoezi ya sentensi moja. "Ile damu ilikuwa yangu." Niliisema mara sita mbele ya kioo. Mara ya sita ilitoka vizuri. Nilipotoka wote walikuwa wamekwenda kazini.

Nikisema, kazi sina. Miaka kumi na tisa imekwenda na maji. Nisiposema, Gladys hana maisha.

Mpango: kesho alfajiri nimfiche Gladys. Kuna sanduku la zamani la chatu nyuma ya banda la pampu. Akae humo mpaka profesa aondoke. Asiyeonekana hatolewi damu. Wala si hatari. Gladys ananijua.

Ijumaa, 23 Oktoba. Hospitali, Adelaide

Naandika kwa mkono wa kushoto. Mwandiko usamehewe.

Gladys hanijui.

Miaka kumi na miwili ya kuamkiana! Jana nilifika kabla ya wote, na ndoano ya kuinulia nyoka na mfuko. Nikafungua kidirisha. Nikamwamkia. Akajikunja kama herufi S, na kabla sijamaliza "umeamkaje" akanigonga kwenye kifundo cha mkono. Hata haikuuma. Kama mwiba wa waridi. Mikwaruzo miwili midogo. Nikafunga kidirisha, hilo nililifanya vizuri, liandikwe. Nikakaa juu ya ndoo. Nikajiambia labda hakutia sumu. Nikainuka nikatengeneze chai.

Neville alinikuta natembea. Akatazama mkono. Akatazama kidirisha. Akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake.

"Kaa chini! Lala! Usisogeze hata ukope!"

Akanifunga bandeji toka vidoleni hadi kwapani, imekaza, na kipande cha ubao. Bandeji ilipoisha akavua shati lake akalichana, akaendelea kufunga. Mikono yake haikukosea hata mara moja. Wakati wote ananitukana. "Mjinga wewe. Mjinga wa wajinga. Ukinifia hapa, Clive, sikusamehe, unasikia? Sikusamehe." Miaka kumi na tisa nakaa meza moja na mtu huyu. Sikujua sauti yake inaweza kufanya vile.

Hettie akaita ndege ya madaktari. Daktari Nghiem akapiga magoti kando yangu, akavuta damu mkono wa pili, akaitia kwenye tyubu ya kioo, akatazama saa. Tukangoja. Neville kakaa kifua wazi. Hettie kanishika miguu.

Dakika ishirini. Akainamisha tyubu.

Ikatiririka. Maji matupu.

Nikaona uso wa Daktari, nikajua hali yangu. Na hapo, sijui kwa nini, ile sentensi ya chooni ikaja yenyewe, lakini imevunjika vipande.

"Jumatatu iliganda," nikasema.

"Nini iliganda?"

"Damu yangu. Ile ya Gladys. Ilikuwa yangu. Ya kwake ilimwagika kwenye skoni."

Neville akasema, "Yesu wangu." Hettie akaiachia miguu yangu, kisha akaishika tena.

Daktari Nghiem hakupiga kelele. Akasema taratibu kwamba hadubini ilikuwa mezani, hatua moja kutoka kwenye kishikio. Chembe nyekundu za nyoka zina kiini katikati, zangu hazina. Mtoto wa sekondari angeona. Yeye hakutazama, kwa sababu alitaka sana iwe kweli. Halafu akanifunika kwa koti lake, akaniambia nisiongee tena.

Kwenye ndege fizi zikaanza kutoa damu. Mikwaruzo ya Gladys nayo ikaanza kuvuja upya chini ya bandeji. Niliogopa. Naliandika hili mara moja tu. Niliogopa, nikamwita Dulcie, na muuguzi akanijibu kana kwamba yeye ndiye Dulcie.

Dawa ya sumu iliingia kwa dripu. Nikadhani sasa damu itaganda. Haikuganda! Muuguzi akaeleza: sumu imekwishazuiwa, lakini vifaa vya kugandishia vimekwisha, lazima mwili utengeneze vipya. Walinitoa damu, wakangoja, maji. Wakatoa tena, maji. Leo asubuhi, mara ya nne, ikaanza kushikana. Muuguzi akanionyesha kidonge hicho kidogo chekundu, nami nikakiona kizuri kuliko vitu vyote nilivyowahi kuviona.

Dulcie alikuwa kando ya kitanda tangu jana. Kaniletea nguo za kulalia. Hakunigombeza hata kidogo. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Gladys hakutolewa damu. Hilo nalo liandikwe.

Jumamosi, 24 Oktoba

Hettie amepiga simu kutoka kwenye Maonyesho. Neville amezungumza dakika kumi na mbili. Kumi na mbili! Utasema nini kwa dakika kumi na mbili? Akasema Neville hakuhadithia sana. Alimfunga Hettie bandeji mkono mzima mbele ya watu, akawaambia kuna mtu wa kwetu aliyeng'atwa juzi na yu hai kwa sababu ya kitambaa na kulala kimya. Hema lilijaa. Watu walipanga foleni kujifunza kufunga. Nikauliza kama alinitaja jina. Hettie akasema hakutaja, ila Kurlabee nzima inajua.

Akasema pia kazi yangu ipo. Nitakuwa langoni nakata tiketi. Mabanda ya nyoka wenye sumu nisiyasogelee maisha. Nikifikiri vizuri, huku ni kupandishwa cheo. Hakuna anayeingia shambani bila kupita kwangu.

Alasiri akaja Daktari Nghiem. Nilitamani afoke. Hakufoka. Alisema alimpigia profesa wake kabla ndege yangu haijatua, akamwambia yote aliyomwambia ni batili. Akasema, "Umenipa siku mbili za furaha kuliko zote katika miaka sita, Clive. Bora usingenipa."

Nikasema samahani. Neno lenyewe dogo. Nilitafuta kubwa zaidi, sikulipata. Akaitikia kwa kichwa kwamba amelipokea.

Halafu akafungua daftari. Akauliza kama ninamruhusu kuandika habari za damu yangu: iliacha kuganda lini, ilirudi lini, madonge yaliyeyuka vipi, saa kwa saa. Ni nadra mtu apimwe kabla ya kung'atwa na baada yake. Nikasema naruhusu, na jina langu linaandikwa kwa herufi Z. Akasema itaandikwa "mwanamume, miaka 58".

Nimemwomba walau aongeze "mtaalamu". Kasema atafikiria. Hatafikiria.

Neville kanitumia pakiti ya biskuti kupitia kwa Dulcie. Imefunguliwa. Ziko nusu.

Jumatatu, 26 Oktoba

Naruhusiwa kesho. Nimepata siku mbili za kulala na kuwaza, na sasa jambo zima limenikaa sawasawa kichwani. Damu ya nyoka haigandi, isipokuwa inapoganda. Ya mtu inaganda, isipokuwa nyoka akiigandisha, hapo haigandi. Ni rahisi sana ukielezwa na mtu anayejua. Nimemweleza muuguzi. Kaondoka akiwa ameshika paji la uso, bila shaka anatafakari.

Nimepata rafiki. Kitanda cha pili yupo Bwana Pasquale Zerella, mfuga nyuki wa milimani, kavunjika mguu kwa kuanguka toka kwenye lori lake. Mizinga mia tatu anayo. Kanisimulia kwamba nyuki akimuuma mtu kwenye goti lenye baridi yabisi, goti linapona. Alisema "lakini", akaendelea na maelezo marefu, ila hapo walikuwa wanapitisha chakula na vyombo vinagongana, sikusikia vizuri.

Haidhuru. Kiini nimekipata. Kurlabee kuna magoti mabovu yasiyopungua mia nne, na hakuna hata mtu mmoja anayeyashughulikia. Neville hajui kitu kuhusu nyuki.

Nimemwomba Bwana Zerella mizinga kumi. Kasema nianze na mmoja, tena nivae wavu usoni. Wavu! Nyuki mwenyewe si mkubwa kuliko punje ya mahindi.

Dulcie anapiga magoti kwa shida sana kanisani. Nitaanza na yeye.